Simu ikiwa mfukoni hedifoni zinakatika, nikiiacha chumba cha pili zinashika. Kwa nini?

MtembeziWaAlfajiri

Wakuu, naomba kueleweshwa. Jambo hili nimewauliza watu wawili, wamenipa majibu mawili yanayopigana.

Nina hedifoni za bluetooth, zile kubwa za kufunika masikio. Nyumbani naacha simu mezani, naenda chumba cha pili na mlango nimeurudisha, muziki unaendelea kama kawaida. Hapo katikati kuna ukuta mzima. Lakini alfajiri nikitoka kutembea, simu ikiwa mfuko wa nyuma wa suruali upande wa kulia, yaani haifiki hata mita moja kutoka kichwani, sauti inakatikakatika. Na siyo kila mahali. Nikizunguka uwanja wa mpira ni balaa. Nikiingia kwenye kichochoro chenye kuta pande zote mbili, inatulia. Jana niliamua kuhesabu: mzunguko mmoja wa uwanja, mikato kumi na saba. Kichochoroni, hakuna hata mmoja.

Mimi nilijua mambo ya mawimbi ni umbali tu: ukiwa karibu unapata, ukiwa mbali hupati. Sasa hii ya karibu kukosa na mbali kupata ni ya wapi?

La pili. Nikisikiliza muziki kwenye kompyuta kisha nikaingia kwenye kikao cha mtandaoni na hedifoni hizohizo, muziki unageuka kama redio iliyofunikwa na sufuria. Nikitoka kikaoni, unarudi kuwa mzuri. Kitu gani kinabadilika pale?

Naomba anayejua aeleze kinachotokea huko ndani. Jibu la "nunua nyingine" ninalo tayari, nimepewa na wale wawili (hapo tu ndipo walipokubaliana).

Kobe_Mkali

Nunua nyingine.

Natania mkuu. Ila angalia betri ya hedifoni, ikichoka huwa zinafanya vituko.

Babu Waya

Kobe, betri haina kosa hapa. Betri iliyochoka ingesumbua uwanjani na kichochoroni vilevile, haichagui.

Mtembezi, ile hesabu yako ya mikato kumi na saba imenifurahisha kuliko unavyodhani. Nimefanya kazi ya redio za mawasiliano kwa miaka mingi kabla ya kustaafu (jina la Waya nilipewa na vijana wa kazini kwa sababu nilikuwa siviamini vitu visivyo na waya), na watu waliokuwa wakiniletea tatizo lililohesabiwa walikuwa wachache mno. Wengi husema "haifanyi kazi" wakanyamaza. Wewe umeshalishika jibu, bado kulitamka tu.

Kati ya simu yako na sikio lako kuna kitu kibaya kuliko ukuta. Kuna wewe.

Bluetooth ni redio. Haina uchawi wowote: kila kifaa kina kisambazaji na kipokezi, vyote vidogo kuliko ukucha. Inatumia masafa ya karibu na gigahezi 2.4, kuanzia megahezi 2402 hadi 2480. Wimbi la hapo lina urefu wa kama sentimita 12, na mawimbi ya urefu huo hupoteza nguvu nyingi yakipita kwenye maji, hasa maji yenye chumvi. Mwili wa mtu zaidi ya nusu yake ni maji, na ni maji ya chumvi. Ukuta mkavu wa matofali unapunguza wimbi, lakini linatokea upande wa pili likiwa bado na uhai. Kiwiliwili chako kinalimeza.

Halafu nguvu yenyewe ni kidogo sana. Vifaa vingi vya namna hii hutoa miliwati 2.5 hivi. Kuna daraja la juu linalofika miliwati 100, lakini hedifoni haziwezi kujitapa hivyo na kabetri kale. Kwa hiyo hakuna akiba ya nguvu ya kutoboa mtu mzima.

Sasa utaniuliza: mbona nyumbani nikiwa na simu mfukoni haikatiki? Kwa sababu nyumbani wimbi halihitaji kupita ndani yako. Linatoka mfukoni, linagonga ukuta, linagonga dari, linagonga kabati, na baadhi ya vipande vyake vinarudi mpaka sikioni kwa njia ya kuzunguka. Hata huko chumba cha pili, sehemu ya unachopokea imepitia njia hizo za kuzunguka kona. Kichochoro chako kinafanya kazi ileile, zile kuta mbili zinakurudishia mawimbi. Uwanjani kuna nini? Nyasi na mbingu. Mbingu hairudishi kitu. Chini inarudisha kidogo, basi. Imebaki njia moja ya moja kwa moja, na wewe mwenyewe umeiziba kwa mgongo na nyonga.

Jambo lingine ambalo watu wengi hawalijui: hedifoni za namna yako kwa kawaida zina redio upande mmoja tu. Upande wa pili unapata sauti kwa waya mwembamba uliopita ndani ya utepe wa kichwani. (Naam, kuna waya. Sikukosea sana.) Mara nyingi, siyo mara zote, redio iko upande wenye vitufe. Tazama zako. Kama vitufe viko kushoto na simu unaweka mfuko wa nyuma kulia, umechagua njia ndefu kuliko zote kupita mwilini mwako.

Kesho jaribu hivi: zunguka uwanja mara tatu. Mzunguko wa kwanza simu ikiwa pale pa kawaida, wa pili mfuko wa mbele upande wa vitufe, wa tatu ukiwa umeishika mkononi. Hesabu kama ulivyohesabu jana. Utuletee.

Hilo la muziki wa sufuria nawaachia vijana. Mimi nikishamaliza masafa huwa nimemaliza.

dada_kodi

Shikamoo Babu Waya. La sufuria nalichukua mimi, maana programu za vifaa hivi ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Mtembezi, bluetooth yenyewe ni njia tu. Juu ya njia hiyo kuna makubaliano mbalimbali ya nini kipitishwe na kwa mtindo gani; kwa lugha ya kazi tunayaita profaili. Kibodi ina yake, kutuma mafaili kuna yake. Hedifoni zako zina mbili za sauti, na kwenye mtindo huu wa zamani kompyuta haiwezi kutumia zote mbili kwa pamoja.

Ya kwanza inaitwa A2DP. Ni ya muziki. Inakwenda upande mmoja: kutoka kompyuta kwenda masikioni. Sauti inabanwa kwanza, maana muziki wa CD unahitaji kilobiti 1411 kwa sekunde na njia hii ni nyembamba. Mbano wa kawaida ambao kila hedifoni lazima iujue unaitwa SBC, na kwa kiwango chake cha juu kinachopendekezwa huwa kama kilobiti 328 kwa sekunde. Kwa masikio mengi inatosha.

Ya pili inaitwa HFP. Hii ilitengenezwa kwa ajili ya kupiga simu ndani ya gari bila kushika simu. Inakwenda pande zote mbili, lakini kwa ubora wa simu: kilobiti 64 kwa sekunde, sauti ikipimwa mara 8,000 kwa sekunde. Ukipima mara 8,000, mlio wowote ulio juu ya hezi 4,000 haupo. Matoazi, ile "sss" ya mwimbaji, pumzi kati ya maneno, vyote vimekwenda. Toleo la baadaye hupima mara 16,000, linasaidia mazungumzo, lakini bado siyo muziki.

Ukiingia kikaoni, programu ya kikao inaomba maiki. Maiki ya hedifoni ipo kwenye HFP tu. Kompyuta inaiacha A2DP, inahamia HFP, na kila kitu kingine kinachocheza, muziki ukiwemo, kinalazimishwa kupita humo. Hiyo ndiyo sufuria yako.

Dawa ni rahisi: kwenye mipangilio ya kikao chagua maiki ya kompyuta yenyewe, na hedifoni ziwe za kusikiliza tu. Muziki hautabadilika. Ukipata vifaa vipya vyote viwili vyenye LE Audio, mfumo mpya wa sauti wa bluetooth uliotangazwa mwaka 2020, hali ni nyingine, kwa sababu mbano wake mpya, LC3, unaweza kupeleka sauti nzuri na kurudisha maiki kwa wakati mmoja. Nasisitiza vyote viwili. Hedifoni mpya na kompyuta ya zamani zitarudi kwenye sufuria.

Kobe_Mkali

Haya, mimi nimejifunza. Swali la mtu mvivu: kama masafa ni hayo ya 2.4 na kila mtu yupo humo, Wi-Fi ipo, maikrowevu ipo, jirani naye ana spika yake, mbona hatusikii muziki wa majirani?

Babu Waya

Marahaba, dada_kodi.

Kobe, uvivu wako umeuliza swali zuri. Hapa ndipo ninapoipenda bluetooth, japo ni mtoto mdogo kwangu.

Yale masafa kutoka 2402 mpaka 2480 yamegawanywa kuwa chaneli 79, kila moja megahezi moja. Redio za enzi zangu ungekaa kwenye chaneli yako ukaombea mwingine asiingie. Hizi hazikai. Zinaruka. Kila baada ya maikrosekunde 625 ni zamu mpya na chaneli mpya: simu inasema, inaruka, hedifoni zinajibu, zinaruka tena. Mara 1,600 kwa sekunde. Hakuna tangazo la "sasa tunakwenda chaneli ya 41". Vifaa viwili vilipounganishwa, kimoja kilikuwa kiongozi, kwa kawaida simu, na mfuatano wa kuruka unakokotolewa kutoka anwani ya huyo kiongozi, yenye biti 48, pamoja na saa yake ya ndani. Hedifoni zinaijua anwani na zimelinganisha saa, kwa hiyo zinakokotoa zenyewe na kukuta jibu lilelile. Jirani ana kiongozi mwingine, anwani nyingine, mfuatano mwingine. Mnakutana kwenye chaneli moja kwa bahati mbaya, mnaharibiana pakiti moja (kifurushi kidogo cha data), kufumba na kufumbua kila mtu yuko kwingine.

Pakiti iliyoharibika haijibiwi "nimepata", basi inatumwa tena. Hedifoni zina ghala dogo la sauti iliyotangulia kufika, ndilo linalochezwa wakati marudio yanaendelea. Mtembezi, ile mikato yako siyo pakiti moja kupotea. Pakiti zinapotea muda wote hata sasa hivi na husikii. Mkato ni ghala kuisha kabisa. Na ghala hilo hilo ndilo linalofanya mchezo wa risasi kwenye simu utoe mlio ukiwa umeshachelewa. Kwenye video programu inajua, inaichelewesha picha kusubiri sauti. Kwenye mchezo haiwezi, huwezi kuuchelewesha mkono wa mtu.

Tangu toleo la 1.2 la mwaka 2003, kuna akili nyingine imeongezwa: vifaa vinaangalia ni chaneli zipi zinapoteza pakiti mara kwa mara, vinaacha kuzitumia. Wi-Fi ikikalia megahezi 20 za upande mmoja, bluetooth inahama inabaki na zilizosalia. Inaruhusiwa kupunguza, lakini zisipungue chaneli 20.

Wazo la kuruka masafa ni la zamani, nadhani wengi mmesikia: mwaka 1942 mwigizaji Hedy Lamarr na mtunzi wa muziki George Antheil walipata hataza (haki ya uvumbuzi) Marekani ya kuongoza makombora ya baharini kwa redio inayorukaruka. Waliweka masafa 88, idadi ileile ya vitufe vya piano. Mwanamuziki ni mwanamuziki tu.

dada_kodi

Babu, kwa heshima zote, nakusahihisha kidogo. 1,600 ni kikomo cha juu. Pakiti moja inaweza kuchukua zamu tatu au tano mfululizo, na ikiwa hewani hairuki, inabaki chaneli moja mpaka iishe. Muziki hutumia hizo ndefu sana. Pakiti ya zamu tano na jibu la zamu moja ni miruko miwili kwa zamu sita, yaani kama miruko 530 kwa sekunde.

Halafu yote haya ni ile bluetooth ya asili. Ile ya kuokoa nguvu iliyoingia na toleo la 4.0 mwaka 2010, inayotumiwa na saa za mkononi na vipima mapigo ya moyo, ina chaneli 40 za megahezi mbili mbili. Tatu kati yake ni za kujitangaza tu: "nipo hapa, mimi ni kipimajoto". Waliziweka makusudi kwenye mianya ambayo Wi-Fi haikai sana. Kifaa kinatangaza, kinalala, kinaamka, kinatangaza. Muda mwingi kimelala fofofo, ndiyo maana betri ya kidonge inaweza kudumu miezi na miezi.

Babu Waya

Nimesahihishwa, na imeniingia. Hizo 530 sikuwahi kukaa nikazikokotoa.

mgeni_wa_leo

Samahani kuingilia. Hilo jina la jino la bluu lilitoka wapi? Na ile alama?

dada_kodi

Mfalme wa Denmark wa karne ya 10, Harald, aliyekuwa na lakabu ya Bluetooth. Anakumbukwa kwa kuunganisha watu wa huko. Jim Kardach wa Intel alilipendekeza mwaka 1997 kama jina la muda wakati Ericsson, Nokia na Intel wakitafuta kukubaliana njia moja. La kudumu halikupatikana kwa wakati. Alama ni herufi mbili za kale za kaskazini, H na B za jina lake, zimebandikwa moja juu ya nyingine.

MtembeziWaAlfajiri

Nimerudi na hesabu. Babu Waya, shikamoo.

Vitufe viko kushoto, kama ulivyosema. Mfuko wa nyuma kulia: mikato 19. Mfuko wa mbele kushoto: miwili. Mkononi, mkono wa kushoto, simu nimeinyanyua usawa wa kifua: sifuri. Nilirudia mfuko wa nyuma kulia nikiwa narudi nyumbani kwa njia ya kichochoro: sifuri pia. Kwa hiyo nimekubali, adui ni mimi.

Na ushauri wa maiki umefanya kazi, dada_kodi. Jana nimekaa kikao kizima na muziki wangu chini kwa chini, hakuna aliyejua.

Ila mmenifungua macho, sasa naona matatizo kila mahali. Kwenye kompyuta, nikichomeka diski ya nje kunakili mafaili, kipanya changu kisicho na waya kinaanza kusuasua. Nacho ni masafa hayohayo?

Babu Waya

Marahaba mwanangu. Hesabu safi.

Hilo la diski lilinitesa siku tatu mwaka mmoja, kabla sijastaafu. Kijana alileta kompyuta ambayo kipanya chake "kilirogwa" kila alipofanya kazi. Nilibadilisha kipanya, nikabadilisha betri, nikapima chaneli, hakuna jirani wala Wi-Fi ya kutisha. Siku ya tatu nikagundua kwamba "kufanya kazi" kwake maana yake ilikuwa ni kuchomeka diski. Waya wa USB 3 unapopitisha data kwa kasi yake kubwa unavuja kelele ya redio, na kelele hiyo inatapakaa mpaka kwenye gigahezi 2.4. Kama kipokezi cha kipanya kimechomekwa tundu la jirani na diski, ni sawa na kumnong'oneza mtu aliyesimama kando ya jenereta. Kuruka chaneli hakusaidii sana hapo, kwa sababu kelele imefunika eneo lote, kipanya hakina mahali pa kukimbilia.

Hamishia diski upande wa pili wa kompyuta, au tumia waya mfupi wa kurefusha usogeze kile kipokezi mbali kidogo. Sentimita thelathini zinaweza kumaliza ugomvi. Kipanya kikiwa cha bluetooth ya ndani ya kompyuta, basi ihame diski.

Na kama Wi-Fi yako inaweza gigahezi 5, iweke huko. Kwenye simu na kompyuta nyingi Wi-Fi na bluetooth zimo kwenye chipu moja, wakati mwingine na antena moja, na zikiwa zote 2.4 inabidi zipokezane zamu.

Sasa niambie, ile mikato miwili ya mfuko wa mbele ilitokea wapi? Sehemu moja au sehemu mbili?

MtembeziWaAlfajiri

Subiri nikumbuke. Yote kwenye kona ileile, ile inayopakana na barabara. Mzunguko nilirudia mara mbili, kila mara mkato mmoja palepale. Nilidhani labda kuna nguzo au nyaya za umeme.

Babu Waya

Ukifika pale huwa unafanya nini?

MtembeziWaAlfajiri

Hakuna. Natembea tu. Natazama kama kuna gari linalotokea nyuma, navuka.

Nageukia kushoto.

Ahaa.

Kobe_Mkali

Sikio la vitufe linakwenda nyuma ya bega, simu iko mbele. 😂

Babu Waya

Endelea kugeuka. Muziki utarudi, gari halisubiri.